Mguu wa Pamba

Pale gereji walinipa jina la Mguu wa Pamba, na aliyelianzisha ni fundi mkuu mwenyewe. Nilikuwa nimemwambia kwamba pedali ya breki ya gari langu imekuwa ngumu, kama nakanyaga ngazi ya zege. Akaijaribu kwa mguu wake mnene kama gogo, akasema pedi ni mpya, mafuta ya breki yamejaa, gari ni zima. Kibovu ni dereva. Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nami nikacheka kidogo, kwa sababu nilikuwa sijajua bado nitawafanya nini.

Mwaka wa kumi na tisa huu naendesha gari la kliniki. Nabeba wagonjwa wa figo, wanane kwa safari, mara tatu kwa wiki, kutoka majumbani mwao hadi kwenye mashine za kusafishia damu. Kabla ya kufika kuna mteremko mrefu unaoishia kwenye geti la chuma. Jumatatu ile niliushuka nikiwa nimesimama juu ya pedali kwa miguu yote miwili, makalio hayagusi kiti. Gari lilisimama limebakiza shubiri moja kuligusa geti. Nyuma yangu mama mmoja mtu mzima, tunayemwita Bibi Miwani, akaokota miwani yake sakafuni, akauliza kama siku hizi tunaingia bila kubisha hodi.

Hofu ilipopoa, ilibaki hasira. Mguu huu umenipandisha ghorofa ya tano na ndoo ya maji kichwani miaka nenda miaka rudi. Leo uwe pamba?

Jumatano asubuhi nikasimama uani mwa gereji, ufunguo mfukoni, nikasema gari halitoki. Msimamizi wa magari akatoka ofisini, kijana ambaye hata kitindamimba wetu amemzidi umri. Akanikumbusha kwamba wagonjwa wakikosa mashine leo sumu itawapanda mwilini. Kama nimechoka, akasema, niweke ufunguo mezani. Shemeji yake ana leseni na anatafuta kazi.

Hapo nikaelewa nilikokuwa napelekwa. Kilichoniuma ni kwamba kuhusu wagonjwa hakusema uongo.

"Wagonjwa watafika," nikamwambia. "Nipe dakika tano na mguu wako."

Nikamkalisha kwenye gari lake mwenyewe, jeupe, linaloogeshwa kila asubuhi kama mtoto mchanga. Injini ikiwa imezimwa, nikamwambia akanyage breki mara nne, tano, mpaka pedali iwe ngumu, kisha aishikilie hapohapo na kuwasha. Akawasha. Goti lake likashuka kidogo. Nikamuuliza imekuwaje, akasema imelainika, imemezwa na mguu.

Nikamhamishia kwenye gari langu, akafanya vilevile. Akawasha. Goti halikushuka. Akakandamiza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na pedali ikamtazama tu.

"Fundi," nikaita, "njoo umpe na huyu jina."

Hakuna aliyecheka. Nikawaeleza nilichojifunza kwenye semina ya madereva, mchana ambao wenzangu wote walikuwa wanasinzia. Injini hufyonza hewa kupitia mpira mmoja mnene kutoka kwenye busta, lile dude jeusi la bati, la mviringo, lililo mbele ya dereva chini ya boneti. Mfyonzo huo ndio unaousaidia mguu. Pedali isiposhuka unapowasha, huenda mfyonzo haufiki.

Nikafungua boneti, nikaupapasa mpira kuanzia kwenye injini. Laini. Laini. Katikati, vidole vikakutana na kitu kigumu. Fundi mkuu, aliyekuwa anafuta mikono, akaacha kufuta. Nikaulegeza mpira, nikauchomoa, nikaukung'uta. Boliti moja nene ikaangukia kiganjani mwangu.

Msimamizi akauliza ile ni nini. Fundi mkuu akasema, akiiangalia injini badala ya sisi. Mwezi uliopita injini ilikuwa inatetemeka kila gari liliposimama, na msimamizi alitaka litoke siku ileile. Ndani ya busta utando ulikuwa umechanika, unavujisha hewa. Basi yeye fundi akaziba mpira kwa boliti, injini ikatulia. Busta mpya ingekuja baadaye. Halafu ikasahaulika.

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Lakini hawa walificha maradhi yao, na kifo kikawa kinawajia watu wanane waliofunga mikanda nyuma yangu. Nilimwambia hivyo usoni, na sikupunguza sauti.

Msimamizi akapata akili ya haraka. Boliti si imetoka? Basi nirudishe mpira, niende, leo tu. Nikamwambia busta iliyochanika haisaidii mguu, boliti iwepo isiwepo. Nikamnyooshea kiganja kitupu.

"Sasa nipe ufunguo wako."

Alivitazama viti vyake vyenye vitambaa vyeupe. Akanitazama mimi. Nadhani aliona sitabanduka. Akautoa.

Nikawapeleka wanne wanne, safari mbili. Bibi Miwani alikaa mbele, akakuta peremende za msimamizi, akawagawia wote garini. Wanne wa mwisho walichelewa saa nzima, wakanung'unika, na walikuwa na haki. Lakini wote walilala kwenye mashine zao siku ile.

Busta mpya ikafungwa Alhamisi. Ijumaa nikakataa kuondoka mpaka fundi mkuu apande akae kiti cha pembeni yangu, Bibi Miwani akamkodolea macho kutoka nyuma. Juu ya mteremko nikavua kiatu. Fundi akashika dashibodi kwa mikono miwili, na nikamwacha aishike. Tulipolikaribia geti nikaiwekea pedali vidole vya mguu tu, bila nguvu. Gari likapunguza mwendo polepole, likasimama mbali na geti, hata maji ya chupa hayakumwagika.

"Gari zima, baba, husimama kwa mguu wa pamba," nikamwambia. "Mguu wa gogo unatakiwa na yale unayoyatengeneza wewe."