Nani Aanze Kuimba?

Yandri alivua kapelo yake, akajikuna utosi, akaivaa tena. Nuvia aliona. Hakuhitaji hata kugeuka, maana alikwishajua kinachofuata: kwenye viti vya nyuma kabisa, karibu na pipa la maji, gauni jekundu likainuka.

"Jamani, kama hakuna anayetaka, basi ngoja mimi nijaribu," alisema Jomaira, kwa madaha ya mtu aliyebembelezwa sana, na wala hakuna aliyembembeleza.

Ilikuwa Jumapili mchana, sherehe ya ubatizo uani kwa akina Zambrano. Nuvia alikaa kando ya runinga, bintiye Dayra mapajani, kazi yake ikiwa kutafuta nyimbo kwenye mashine ya karaoke na kuzianzisha. Yandri, mumewe, alisimama nyuma ya meza ya mitambo, spika zimemzidi kimo kulia na kushoto. Jomaira aliichukua maiki, akaisogeza mdomoni kama anataka kuimeza, akaimba wimbo wa mwanamke aliyeachwa tangu mwanzo hadi mwisho bila kuvuta pumzi. Alipomaliza, mashine ikapiga tarumbeta, na kwenye runinga zikatokea alama zake kwa namba kubwa za dhahabu: 98.

Watu walipiga makofi. Shangazi mmoja wa mtoto, aliyekuwa ameshaanza kuinuka huku akijifuta mdomo, aliitazama ile namba, akaketi tena.

Nuvia hakumtazama shangazi. Alimtazama mumewe, naye mumewe alikuwa anatabasamu.

Sherehe ya tatu hii. Kapelo ikivuliwa, Jomaira anainuka. Na kila mara wakati wa kufungasha vifaa, Yandri alimpelekea sahani ya kuku wa karanga iliyofunikwa vizuri kwa karatasi ya fedha, wakanong'onezana maneno mawili matatu, akarudi kukunja nyaya zake kana kwamba hakuna kitu.

Siku hiyo Nuvia alimwendea Jomaira kabla hajaondoka.

"Umeimba vizuri, dada. Wewe ni nani kwa akina Zambrano?"

"Mimi? Binamu yake mama mtoto."

"Ahaa. Na kule Tosagua, kwenye harusi?"

Jomaira aliikumbatia sahani yake. "Kule... kule nilikuwa jirani yake bwana harusi."

"Una ukoo mpana."

"Ndiyo hivyo, shoga, Mungu hakuninyima watu," alijibu Jomaira, akaondoka haraka, viatu vikimzama kwenye tope.

*

Wazo la karaoke lilikuwa la Nuvia mwenyewe, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Disko lao lilikuwa la kubebwa: spika, taa za rangi na mashine ya moshi juu ya pikapu, leo Calceta, kesho Tosagua, keshokutwa popote penye binti anayetimiza miaka kumi na mitano, umri ambao huko hufanyiwa sherehe kubwa kama harusi. Kisha kila nyumba ikanunua spika yake ya magurudumu na kupiga muziki kwenye simu, na wateja wakaanza kuadimika. Nuvia ndiye aliyesema watu wana hamu ya kuimba wenyewe. Ndiye aliyewauza nguruwe wake wawili, aliowalea kwa maganda ya ndizi tangu wakiwa wadogo wa kubebwa kwapani, ili mashine inunuliwe.

Sherehe ya kwanza yenye karaoke hakwenda, kwa sababu Dayra alikuwa na homa. Yandri alirudi akasema watu walinyang'anyana maiki nusura wapigane. Nuvia alifurahi mpaka akambusu mtoto wake kwenye vidole vya miguu, kimoja baada ya kingine.

Sasa alijiuliza: kumbe mwanamke huyu alianza siku ile ile?

Asubuhi ya Jumatatu, Yandri akiwa ameenda kununua fyuzi, aliiwasha mashine jikoni. Nuvia alikuwa ameimba kwaya kanisani tangu utotoni. Padri mwenyewe alikuwa akimwita kila kulipokuwa na maziko ya maana. Alichagua wimbo ule ule wa mwanamke aliyeachwa. Akaimba taratibu, akivuta pumzi pale panapostahili, akishusha sauti pale panapouma. Dayra alimkodolea macho, uji umemganda kidevuni.

Mashine haikupiga tarumbeta. Iliandika 61.

"Haa!" Doña Bélgica, mama mkwe wake, alikuwa mlangoni na sinia la ndizi za kumenya. "Sitini na moja. Na yule wa gauni jekundu wanasema anapata mia."

"Tisini na nane, mama."

"Nani anazipanga hizo alama?"

"Mashine."

Doña Bélgica aliweka sinia chini. "Mwanangu, mashine haina macho ya kuona gauni. Mwenye macho ni anayeibonyeza." Kisha, kama vile ameona amemchoma mno, akamfuta Dayra kidevu kwa ncha ya aproni. "Namjua Yandri nilivyomzaa. Hajui kudanganya. Ndiyo maana akidanganya, mtu anaona."

Kuanzia hapo Nuvia hakutulia. Yandri akipokea simu nje, alisikiliza. Akicheka, alitaka kujua anacheka nini. Alikagua vifungo vya meza ya mitambo kimoja kimoja, akitafuta kile cha kupandishia alama. Jioni moja alimuuliza kwa upole, huku anamnyonyesha mtoto.

"Baba Dayra, hivi watu wanaipenda karaoke kweli?"

"Si umeona mwenyewe?"

"Nimeona mtu mmoja."

Yandri alikuwa anafuta vumbi kwenye spika. Kitambaa kilisimama kidogo, kisha kikaendelea kuzunguka mahali pale pale palipokwisha kung'aa. "Wanaona haya tu. Watazoea."

"Na Jomaira?"

"Jomaira gani?"

Jomaira gani! Nuvia alimhamishia mtoto titi la pili. Usiku huo huo aliamua. Jumamosi kulikuwa na sherehe ya Maite, binti wa Don Tito muuza jibini, anatimiza kumi na mitano. Kijiji cha Canuto, kwa mama yake Nuvia, hakikuwa mbali na kwa Don Tito. Kapelo ikivuliwa tena na gauni likiinuka, angemchukua mtoto wake na kwenda kwa mama, na asingerudi. Alipanga nguo za Dayra kwenye begi: za baridi, za joto, mpaka zile za kumfaa atakapokuwa mkubwa kidogo. Aliziweka hizo pia, akalia, akafunga zipu.

*

Jumamosi walifika kwa Don Tito mapema, jua bado liko juu. Wanawake walikuwa wanapanga viti, wanaume wanachoma nyama, na Maite alikuwa dirishani na vibiringisho vya nywele kichwani, anagombana na mdogo wake. Yandri alishusha spika. Nuvia alilificha begi nyuma ya kiti cha pikapu, akatandika kanga chini kando ya runinga, akamkalisha Dayra juu yake.

Alianzisha wimbo wowote ili kujaribu sauti, akaiweka maiki chini apate kuchomeka waya. Mtoto aliikamata. Alikuwa anaota meno ya juu, na chochote alichokishika kilienda mdomoni. Aliing'ata maiki, ikamuumiza fizi, na hapo ndipo Dayra alipofungua kinywa.

Kilio kilitoka kwenye spika zote mbili. Kuku walitawanyika. Maite alitoa kichwa na vibiringisho vyake nje. Nuvia alimdaka mwanawe, lakini Dayra aliing'ang'ania maiki kwa mikono miwili na kuendelea kuililia, bila kituo, hadi wimbo ukakoma.

Mashine ikapiga tarumbeta. Namba za dhahabu zikatokea: 97.

"Mshindi huyo!" alipiga kelele Don Tito kutoka kwenye moto wa nyama. "Mpeni zawadi yake!"

Watu walicheka. Nuvia hakucheka. Alisimama na mtoto kifuani, machozi ya mtoto yanamlowesha shingo, akaitazama ile namba. Yandri alikuwa mbali, kule kwenye pikapu, amebeba boksi la taa mikono miwili. Hakugusa kifungo. Hakuna aliyegusa kitu.

Kwa hiyo mashine haimpendelei mtu. Haijui wimbo, haijui huzuni, haijui kuvuta pumzi. Inapenda kelele tu, kelele isiyokatika, mdomo umekaba maiki. Na hivyo hasa ndivyo Jomaira anavyoimba.

Kidogo moyo ulitulia. Kidogo tu, maana bado kulikuwa na kapelo. Mashine haina macho, sawa. Kapelo je?

Wageni walianza kufika, na kati yao Jomaira. Nuvia hakungoja. Alimfuata hadi kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, mtoto kiunoni, akamzibia njia.

"Leo wewe ni nani? Shangazi wa Maite?"

"Shoga, mimi..."

"Usiniite shoga. Mume wangu akivua kapelo, wewe unainuka. Nimeona Calceta, nimeona Tosagua, nimeona kwa akina Zambrano. Nataka kusikia kwa mdomo wako. Una nini na Yandri?"

Jomaira aliangua kicheko. Alipoona uso wa Nuvia, kicheko kikamkauka.

"Yesu na Maria. Ulifikiri... Mimi na yule mumeo? Ananipa sahani ya kuku, dada! Sahani ya kuku na nauli ya kurudi nyumbani, kwisha. Koo langu limekuwa kama msasa kwa ajili yenu."

"Kwa ajili yetu vipi?"

"Hakukwambia?" Jomaira aliketi kwenye ngazi, akavua kiatu kimoja, akaanza kukanda kidole. "Sherehe ya kwanza, mimi nilikuwa mgeni wa kweli, nilialikwa. Hakuna hata mtu mmoja aliyeimba. Hata mmoja! Maiki ilikaa juu ya meza kama maiti, watu wanaipita. Mumeo anabembeleza, anabembeleza, hakuna. Mwisho akawapigia disko tu. Nilimkuta nyuma ya pikapu, anajiongelesha. Ati mke wangu ameuza nguruwe wake, nitamwambia nini mke wangu? Nikamwonea huruma. Nikamwambia, mimi sina aibu, niite kwa kuvua kapelo, nitakuanzia, wengine watafuata."

"Wakafuata?"

Jomaira alivaa kiatu chake. "Umewaona wakifuata?"

Nuvia aliegemea ukuta. Alikuwa amejiandaa kwa jambo moja, likaja jingine, na hakujua alishike wapi. Hakuna mwanamke. Lakini hakuna karaoke pia. Watu kunyang'anyana maiki, nusura wapigane: yote hadithi za mume aliyekosa namna ya kumtazama usoni. Na yeye akabusu vidole vya mtoto kwa furaha. Alitaka kumkumbatia Yandri, na alitaka kumpiga kwa kiatu.

Ndipo akamkumbuka yule shangazi kwa akina Zambrano, aliyeanza kuinuka, akaona 98, akaogopa kushindwa, akakaa.

"Dada Jomaira," alisema, "leo nenda ukale. Usisubiri tufungashe vifaa. Kaa na wageni, ule kama mgeni."

*

Maite alikwishacheza dansi na baba yake, keki ilikwishakatwa, na ule ukimya wa kila siku ulikwishafika. Maiki ilikuwa juu ya meza. Watu waliitazama kwa pembe za macho, wakashika glasi zao kwa nguvu.

Yandri aliinua mkono kuelekea kichwani. Hakukuta kitu. Nuvia alikuwa ameinyakua kapelo kutoka nyuma na kuivaa yeye.

"Mama Dayra! Unafanya nini?"

"Mshike mwanao."

"Subiri, kuna mtu ambaye..."

"Mtu huyo anakula. Ameniambia yote."

Yandri alimpokea mtoto. Uso ulimbadilika rangi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alimtazama mkewe machoni. "Nilitaka kukwambia."

"Utaniambia. Sasa hivi niwekee wimbo."

Aliimba kama anavyoimba kanisani, maiki mbali kidogo na mdomo, sauti ikipanda na kushuka. Don Tito aliacha kutafuna. Wimbo ulipokwisha, watu wote wakageukia runinga kungoja hukumu.

Hakuna tarumbeta. 54.

Kwa muda hakuna aliyejua aweke wapi uso wake. Kisha Don Tito akaupiga mkono mezani hadi glasi zikaruka.

"Hamsini na nne! Sauti ile hamsini na nne? Mashine hii haina adabu! Hata mimi hamsini na nne naipata!"

"Huipati, baba," alisema Maite.

"Siipati? Lete hapa!"

Alipata 49, akadai kuna wizi. Mkewe akapata 70, akatamba nayo uwanja mzima. Kufikia wimbo wa tano kulikuwa na mstari. Bibi mmoja alitaka kurudia, vijana wakamzomea asubiri zamu yake, akawajibu kwamba wao wana miaka mingi ya kusubiri kuliko yeye. Jomaira aliendelea kula, miguu ameinyoosha juu ya kiti cha pili, akimzomea kila aliyepita tisini.

Doña Bélgica angesikia, Nuvia aliwaza, asingeamini.

Jua lilipokuwa linazama, walipakia vifaa. Yandri aliinama nyuma ya kiti cha pikapu kutafuta kamba, akatoka na begi. Alilipima uzito kwa mkono.

"Za mtoto hizi? Zote, kwa mchana mmoja?"

Nuvia angeweza kusema ndiyo. Dayra alikuwa amelala begani kwake, mate yanamtiririka.

"Nilikuwa naondoka," alisema. "Ungevua kapelo leo, ningeondoka."

Yandri alisimama pale na begi mkononi, huku uani bibi akiendelea kuimba bila mashine, mtu hamsikilizi. Halafu hakuliweka nyuma na spika. Aliliweka mbele, kwenye kiti, katikati yao.

"Sherehe ya kwanza," alianza, hata kabla hajawasha gari, "hakuna mtu hata mmoja aliyeimba."

"Endelea," alisema Nuvia. Kapelo bado ilikuwa kichwani kwake.