Nondo za Tello

Mume wangu Eleuterio, ambaye mji mzima ulimwita Tello, alijenga nusu ya nyumba za hapa Santa Inés, na ile nusu nyingine aliisema vibaya. Akipita mbele ya ukuta wa fundi mwingine alifumba jicho moja, akatikisa kichwa. "Ule umelewa," aliniambia. Ukuta wake ukipinda hata upana wa kidole aliubomoa mwenyewe, huku mwenye nyumba anamshika shati na kumbembeleza kwamba uko sawa tu.

Alikufa Januari, kitandani, upande wake wa ukutani. Mvua ya kwanza ilipokuja mwishoni mwa Aprili, paa likavuja palepale alipokuwa akilala, tone, tone, juu ya mto wake. Nikaweka sufuria. Basi nikawa nalala na sufuria. Haikoromi, wala hainivutii blanketi, ila ukiisemesha inajibu neno moja tu.

Kosa langu ni kumwambia Nazario kwenye simu. Nazario ni mtoto wangu wa kwanza. Yuko kaskazini, ng'ambo ya mpaka, mwaka wa ishirini na tatu huu, anapaka rangi nyumba za watu.

"Mama, maji yanapitia kwenye zile nondo za juu," akasema. "Mwite Anselmo azikate zote, apige plasta, yaishe."

"Zote?"

"Sasa za nini, Mama? Nani atajenga?"

Nyumba yetu ni ya chini tu, paa lake zege bapa. Wiki aliyoondoka Nazario sikula. Siku ya saba asubuhi nikamsikia Tello anagonga huko juu. Mchana akashuka, akanivuta mkono mpaka uani, akanionyesha nondo nne zimesimama juu ya paa, kila moja imevishwa chupa ya soda kichwani isije ikamchoma mtu. "Chumba cha Nazario," akasema. "Akirudi, tunapandisha ukuta." Siku hiyo nilikula mayai manne. Alipoondoka Obdulia, mtoto wetu wa pili, Tello akasimamisha nne nyingine. Alipoondoka Chano, kitinda mimba, nne tena. Baada ya hapo hatukuwa na mtu mwingine wa kuondoka.

Na kila tarehe tatu Mei, sikukuu ya Msalaba, mafundi wa kwetu hupandisha msalaba wa maua ya karatasi juu ya nyumba wanayoijenga. Nyumba iliyokwisha haipati. Tello alikuwa anapandisha wa kazini, anakunywa pombe ya mezkali na wenzake, halafu anakuja na msalaba wa pili kuufunga kwenye nondo zetu. Padre alimsema.

"Tello, nyumba yako inajengwa mpaka lini?"

"Padre, mnara wa pili wa kanisa lako nao mpaka lini?"

Padre akaenda zake.

Kwa hiyo mtanielewa. Nondo zikikatwa, nyumba imekwisha. Na nyumba ikishakwisha, waliomo ndio hao hao. Waliomo ni mimi na sufuria.

Hata hivyo mto ulikuwa unaloa. Tarehe mbili Mei nikamwita Anselmo. Alijifunza kazi kwa Tello tangu hajaota ndevu. Sasa ana miaka hamsini, wajukuu, na tumbo linalofika kabla yake.

"Mama Eufrasia, nishikie ngazi."

"Nikushikie na tumbo hilo? Ukiniangukia tutazikwa shimo moja, halafu mkeo aseme nini?"

"Atasema afadhali."

Akapanda. Nikasikia nyundo mara mbili. Kisha kimya. Mtu wa kazi akinyamaza juu ya paa lako, hiyo si habari njema. Nikaona miguu inashuka pole pole, akakaa kwenye kipago cha katikati, nondo nne za Nazario mkononi, kama mtu aliyeng'oa vitunguu.

"Zimeoza, eh?" nikamwuliza.

"Hazijaoza, Mama." Akanionyesha ncha. Zilikuwa na saruji kiasi cha kiganja tu. "Chini yake hakuna nguzo. Zimechomekwa."

"Na za Obdulia? Za Chano?"

"Nimezitikisa. Vilevile." Akavua kofia. "Mimi Mzee alinichapa na mwiko kwa jambo hilihili. Akaniambia, 'Nondo inaanzia msingini, Anselmo, msingini!' Na msingi wa nyumba hii ni wa mawe matupu, haubebi ghorofa. Yeye ndiye aliyeuchimba. Alijua."

Nikakaa juu ya ndoo. Miaka arobaini na sita nimekuwa mke wa fundi. Kusimamisha nguzo ya kweli ni kuvunja ukuta, ni siku tatu za vumbi kwenye chakula. Yeye alimaliza asubuhi moja, nami sikuuliza. Nilikuwa na njaa.

Anselmo akakohoa. "Sasa nikate na hizo nyingine?"

"Rudisha hizo."

"Mama, hazishiki kitu."

"Zinashika kamba yangu ya nguo."

"Na maji je?"

"Wewe si fundi? Ziba. Au mwalimu wako alikufundisha kula tu?"

Akanitazama, akavaa kofia, akapanda tena.

Jioni Nazario akapiga simu.

"Anselmo amekata?"

Sijajibu bado, nikamsikia anavuta pumzi. "Hata zangu, Mama? Zile za upande wa mlima?"

"Za upande wa mlima, ndiyo."

"Baba aliniambia kwenye simu, dirisha langu litatazama mlima. Nilishachagua na rangi."

Kumbe na yeye alilishwa mayai yaleyale. Mzee yule! Ukuta aliomjengea mwalimu wa shule aliubomoa kwa kupinda upana wa kidole kimoja, na mwanawe akampa dirisha la hewani.

"Zipo," nikamwambia. "Amejaribu, msumeno umevunjika. Zimeshuka mpaka msingini, mwanangu. Baba yako unamjua."

"Namjua," akasema, akacheka kidogo. Hakusema atakuja lini. Nami sikumwuliza, rangi pia sikumwuliza.

Kesho yake Anselmo akapandisha msalaba, akaufunga kwenye nondo za Nazario taratibu kabisa, kama anayemvisha mgonjwa shati. Ukija upepo, vyote vinayumba pamoja. Nikampa bata mzinga na mchuzi mzito wa pilipili, akala vya watu watatu, nikafurahi maana nilikuwa nimepika vya watano.

Paa halivuji tena. Sufuria nimeirudisha jikoni. Upande ule wa kitanda umekauka, na siku hizi naona ni mpana mno.