Majani ya Ngalula

Watu wa mtaa walimcheka Ngalula kwa sababu alilima kama mtu anayeogopa moto. Kila kiangazi, wenzake walipochoma mabua na nyasi ili shamba liwe safi, yeye aliingia porini kukata majani, akayabeba kichwani na kuyatandaza juu ya udongo mpaka usionekane. Kati ya mistari ya mahindi alipanda kunde. Magugu aliyong'oa aliyaacha palepale yaoze.

Germaine, jirani yake wa shamba huko nje ya mtaa wa Kampemba, hakumcheka. Alikumbuka jinsi kipande kile kilivyokuwa zamani: ardhi nyekundu, ngumu kama tofali, iliyokimbiwa na mwenyewe kwa sababu ya kiduha, lile gugu lenye ua jekundu linaloshika mizizi ya mahindi na kuyanyonya mpaka yadumae. Ngalula alikuwa akiking'oa kabla hakijachanua, msimu kwa msimu, bila kuchoka. Kufikia mwaka ule jimbo la Katanga lilipojitenga na Kongo na kujitangaza kuwa nchi ya peke yake, udongo wake ulikuwa mweusi na laini, umejaa minyoo, na kiduha ukikitafuta hukioni.

"Yaya, na mimi nitaanza mwaka kesho," Germaine alikuwa akimwambia, akimwita kama dada mkubwa. Kila mwaka alisema hivyo, na kila mwaka aliwasha kiberiti kama wengine, maana moto ni kazi ya mchana mmoja.

Ngalula alikuwa Muluba, wa kabila lililotoka jimbo la Kasai. Mwezi wa tisa mwaka 1961 watu wa Kasai, walioshukiwa kuipinga Katanga, walianza kufukuzwa majumbani mwao, na wengi wakakimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Asubuhi aliyoondoka, Ngalula alipitia kwa Germaine, sufuria kichwani, godoro limefungwa kamba mgongoni.

"Mudogo yangu, shamba ninakuachia weye," alisema. "Panda, ukule na batoto. Kitu moja tu ninakuomba. Ile majani usiichome."

"Sitachoma, yaya."

Na alikusudia kweli kutochoma. Lakini siku zile hata nyumbani kwa Germaine watu waliongea kwa sauti ya chini. Mume wake, Floribert, alifanya kazi kwenye reli, na kwao kulikuwa kaskazini, ambako watu walikuwa wakipigana na serikali ya Katanga. Jina la ukoo wake peke yake lilitosha kumtia mashakani.

Siku moja, Germaine akiwa anachimba mashimo ya mbegu, vijana wa mtaa walikuja na marungu. Mkubwa wao alisimama mpakani mwa mashamba mawili, upande huu jivu, upande ule majani.

"Hii shamba iko ya nani?"

"Iko yangu."

"Yako iko ile ya kuchoma. Hii iko ya ule Muluba."

"Zote mbili ziko zangu," Germaine alisema. "Hii sijachoma bado."

"Basi choma, tuone."

Walingoja. Germaine alipiga magoti, akawasha. Majani ya juu yalishika upesi, ya chini yalikuwa na unyevu, yakafuka moshi mzito mpaka kesho yake. Floribert alipopata habari alimwambia amefanya vizuri, majani yataota tena. Germaine alipanda mahindi matupu, bila kunde, ili shamba lifanane na mengine.

Jambo lililomsumbua baadaye ni kwamba mwaka ule mahindi yalizaa sana, kana kwamba moto haukuharibu kitu. Alisaga unga, akaupeleka kambini. Alimkuta Ngalula amekonda, ameketi mbele ya kibanda cha magunia. Kabla hata ya kupokea unga, Ngalula aliuliza:

"Majani?"

"Iko, yaya."

"Na kunde?"

"Inaota muzuri."

Ngalula alicheka, akawageukia wanawake wenzake na kuwaambia kwamba angalau kitu kimoja chake kiko salama. Germaine alitazama chini. Angeweza kusema pale pale, na pengine Ngalula angeelewa, maana hofu aliijua kuliko yeye. Lakini alitua unga, akaaga. Treni zilipoanza kuwarudisha watu Kasai, hakwenda stesheni kumuaga. Aliogopa kuulizwa tena.

Msimu uliofuata mvua ilipiga udongo mtupu, ikauchukua. Uliobaki ulikauka na kupasuka. Mahindi yaliishia kiunoni, yakawa ya manjano, na chini yake kiduha kikachanua chekundu shamba zima. Germaine aling'oa mpaka viganja vikatoka malengelenge. Alikuwa amechelewa. Mbegu zilikuwa zimekwisha kumwagika.

Karibu na Pasaka ya mwaka 1963, Katanga ikiwa imerudi Kongo, alikuja Casimir, ndugu mdogo wa Ngalula, kutafuta vitu vya familia vilivyobaki mjini. Alisema dada yake amepewa kipande huko Kasai, udongo wa mchanga, na anawafundisha wanawake kutandaza majani.

"Anawaambia habari zako," Casimir alisema. "Kwamba alikuachia udongo, na vita haikuuharibu. Alinituma nije niuone."

Germaine alimpeleka. Hakutafuta njia ya kuzunguka. Walisimama kati ya mahindi yaliyodumaa, maua mekundu yakigusa suruali ya Casimir.

"Mwambie nilichoma," Germaine alisema. "Mwambie nilimdanganya kule kambini."

Casimir aliinama, akaokota bonge la udongo, akalivunja kwa vidole.

"Nitamwambia uko muzima," alisema mwishowe.

"Mwambie ile nyingine pia."

Casimir alijipangusa udongo vidoleni. Alimshika mkono, akamshukuru kwa unga alioupeleka kambini, akaenda zake. Miaka mingi baadaye Germaine bado hakujua kama ujumbe ule ulifika.