Njia ya Pili

Mtoto alikuwa akinyonyeshwa upande mmoja tu. Akiusukuma ule mwingine kwa kiganja, dada humgeuza haraka, huvuta blauzi na kusema, "Huko hakuna kitu, baba." Mdogo aliliona hilo akiwa anaosha vyombo, akacheka. Hakuuliza. Hakuwa mtu wa kuuliza. Aliacha shule darasa la tano aje kumlelea dada yake watoto, na nyumba nzima ilimwita Mdogo tu, hata watoto wenyewe.

Sasa walikuwa chumbani kwa daktari, watatu kwenye benchi la watu wawili. Shemeji, mume wa dada, alikaa katikati na shati lake lililopigwa pasi. Dada alibanwa ukutani. Mdogo alikalia ukingo, paja moja hewani. Daktari alizungumza na shemeji, kana kwamba titi lilikuwa lake.

"Zipo njia mbili za upasuaji," alisema. "Ya kwanza, tunaondoa titi zima. Ya pili, tunatoa uvimbe na nyama kidogo ya pembeni, titi linabaki. Lakini hiyo ya pili lazima ifuatwe na mionzi. Bila mionzi kansa inaweza kurudi palepale."

"Kwa hiyo titi linabaki."

"Linabaki. Litapungua kidogo."

"Basi hiyo hiyo."

"Bwana, nimesema lazima apate—"

"Mionzi, nimekusikia. Si mnayo mashine? Hapo nje mmetundika picha ya mheshimiwa akikata utepe."

Daktari akageuzageuza kalamu. "Ipo," akasema. "Mashine ipo."

Masikio ya Mdogo yakapata moto. Asubuhi ile, akitafuta bomba la maji, alikuwa amefika mwisho wa korido, kwenye mlango wenye kufuli na vitanda vibovu vilivyorundikwa mbele yake. Mwanamke mmoja alikuwa ameanika nguo juu ya vile vitanda.

"Unasubiri mionzi?" yule mwanamke alimcheka. "Utasubiri mpaka uote mvi. Walikata utepe, ikafanya kazi siku mbili tatu, ikafa. Mama yangu yuko wodini anaingojea, na uvimbe umesharudi."

"Mama, wewe unaonaje?" daktari alikuwa akimuuliza dada.

Dada alimtazama mumewe. "Anavyoona baba watoto."

Nyumbani baba watoto alikuwa amesema, kama mzaha, "Mimi sikuoa dume mwenzangu." Alicheka peke yake. Alipotoka, dada akamwambia Mdogo, "Likikatwa lote atanirudisha kwa baba. Tutarudi wote, mimi na wewe." Kwa baba kulikuwa na mama wa kambo, na sakafu ya jikoni ya kulalia.

Shemeji akageuka. "Mdogo, wewe ndiye unayeshinda huku na dada yako. Hiyo mashine umeiona?"

Wote wakamtazama. Daktari naye alimtazama, kalamu imetulia, kama mtu anayengoja mwenzake aseme jambo ambalo yeye amekatazwa kulisema.

"Nimeona mlango wake," akasema Mdogo.

"Haya! Mlango upo, mashine ipo." Shemeji akajipiga magoti kwa viganja. "Daktari, nipe karatasi niweke sahihi."

Upasuaji ulikwenda vizuri. "Kovu lenyewe utadhani kaumwa na siafu," shemeji aliwatambia madereva wenzake wa malori, na dada alicheka huku amejishika kifua.

Mionzi ndiyo haikuja. Kila walipokwenda kuuliza dirishani waliambiwa fundi yuko safarini, au kipuri kimekwama bandarini, au nendeni mtapigiwa simu. Hospitali ya kulipia ilikuwa na mashine inayofanya kazi. Shemeji alikwenda kuuliza bei, akarudi, akapanda kitandani na viatu vyake.

Mdogo alifua, akapika, akachota maji, akambeba mtoto usiku kucha dada apate kulala. Mara nyingi alisimama mlangoni pa chumba, mdomo wazi.

"Vipi, Mdogo?"

"Nilitaka kusema chai iko tayari."

"Siku hizi umekuwa malaika," dada alimwambia, na Mdogo akakimbilia nje kama aliyetukanwa.

Uvimbe ulirudi chini ya kovu, ukapanda hadi kwapani. Safari hii daktari hakutaja njia yoyote. Alimlaza dada, akamwandikia dawa za maumivu. Shemeji akapata mzigo wa safari ndefu, na baada ya huo akapata mwingine.

Wiki ile wodi ilikuwa ikipakwa rangi kwa ajili ya ugeni wa mheshimiwa. Mafundi walivitoa vitanda vibovu, wakaupaka hata mlango wa mionzi, wakipitisha brashi taratibu pembeni mwa kufuli lisichafuke.

Kwenye kitanda cha jirani aliletwa mama mmoja mnene, mchangamfu, muuza mitumba. "Kesho napasuliwa," aliitangazia wodi. "Na titi langu nabaki nalo! Mume wangu kafurahi huyo, utadhani ndiyo ananioa leo."

Wengine walicheka. Dada alijiinua kwa kiwiko, akahema.

"Mama, usikubali. Waambie waondoe lote."

"Mwenzangu, daktari kasema kuna mionzi."

"Hata sisi alituambia hivyo. Hiyo mashine ni pambo. Sisi hatukujua, ndiyo maana unaniona hivi. Hakutokea hata mtu mmoja wa kutunong'oneza." Alimshika Mdogo mkono, akautikisa kidogo. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kama vya mtoto. "Angetokea mmoja tu. Au siyo, mdogo wangu?"

Mama muuza mitumba alikuwa ameacha kucheka. Aliwatazama wote wawili, akingoja.

"Mimi nilijua, dada," akasema Mdogo. "Niliambiwa asubuhi ile, kabla hatujaingia kwa daktari. Nikawaza, likikatwa lote atakurudisha kwa baba. Na mimi sikutaka kurudi."