Kutoa Stima

Mukai alijua kuna jambo kabla hajafika langoni. Kila siku, ikigonga saa nne asubuhi, mtu aliyepanda kilima kutoka barabara ya Katelembo angesikia skrubu zikidondoka koponi, na babake akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani. Siku hiyo hakukuwa na skrubu wala wimbo. Kulikuwa na sauti ya mamake tu, kutoka kibanda chao cha kufungulia vyombo vibovu vya umeme, ikisema, "Vuta, Baba Mukai! Si uvute tu utoke?"

Akalitupa gunia tupu alilokuwa amebeba, akakimbia.

Babake, Mzee Bartholomew, alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya meza ya kazi. Mezani palikuwa na maikrowevu nyeupe, ile iliyoletwa jana jioni na mwenye hoteli mmoja wa Masii. Bati lake la juu lilikuwa limevuliwa na kuegemezwa ukutani, na mkono wa kulia wa mzee ulikuwa umezama ndani yake hadi karibu na kiwiko. Nyuma yake alisimama mkewe, Kaluki, mwiko wa ugali mkononi.

"Umekuja saa nzuri, mwaitu," mzee akasema. "Hii kitu imenishika kama fisi."

Mwaitu, kwa Kikamba, ni mama. Mukai alikuwa kifunguamimba, akapewa jina la nyanyake mzaa baba kama desturi ilivyotaka, na tangu siku hiyo babake hakuwahi kumwita binti. Akiwa na miaka mitatu alikuwa mama. Alipohitimu chuo kikuu na shahada yake ya mazingira, mzee alitangaza kwa watu wa jumuiya ya kanisani kwamba mamake amesoma hadi akamaliza vitabu.

"Umenaswa wapi, Baba?"

"Ni sweta. Imeshikwa na bati huko ndani. Nilikuwa nataka hii transfoma. Iko na shaba, mwaitu, nzito kama mtoto."

Mukai akainama kutazama. Mkono wa sweta ulikuwa umejikunja kwenye ukingo mkali wa bati, chini kabisa, mahali ambapo jicho lilifika kwa shida. Kiganja cha babake kililala juu ya chuma. Na hapo juu ya kifundo cha mkono, kama vidole viwili tu kutoka kwenye ngozi, lilikaa kopo dogo la rangi ya fedha lenye miguu miwili ya chuma iliyochomoza. Ilikuwa kapasita.

Akarudisha mkono wake nyuma.

"Baba," akasema polepole, "nani alitoa stima?"

"Ni mamako. Nilimuuliza kwanza. Mimi si mjinga."

"Ni mimi," Kaluki akadakia, tena kwa fahari. "Nilitaka kujua kama bado ni nzima, tuiweke jikoni, siku moja na sisi tupashe chai kama watu wa Nairobi. Nikaiwasha. Ikanguruma kama paka, chai ikabaki baridi. Basi nikatoa stima, nikamwambia babako stima imetolewa, avunje."

"Uliitoa na nini, Mama?"

"Na mkono! Stima hutolewa na nini? Nilichomoa kwa ukuta."

Jikoni kwa mamake, na katika nyumba zote za Katelembo, kutoa stima ni kuchomoa plagi. Lakini hapa kibandani maneno hayo yalikuwa na maana nyingine, na aliyeyapa maana hiyo ni yeye mwenyewe. Kutoa stima kulikuwa kuchukua bisibisi ndefu yenye mpini uliofungwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kugusa miguu yote miwili ya kapasita kwa mpigo mmoja, na kungoja ule mlio. Kapasita ya maikrowevu huweka umeme tumboni hata baada ya plagi kuchomolewa. Nyingine hujimaliza zenyewe kwa dakika chache. Nyingine zimeharibika ndani, hazijimalizi, na huwezi kuzijua kwa kuzitazama. Nguvu ya umeme huo huzidi ule wa ukutani mara nyingi. Hauonyi. Humshika mtu mara moja, na mara nyingi mara hiyo hutosha.

Alikuwa amemweleza babake hayo yote. Mzee alitega sikio, akaitikia kwa kichwa, akashika maneno mawili: kutoa stima. Na maneno hayo mawili ndiyo aliyomuuliza mkewe leo.

"Mama, ulichomoa saa ngapi?"

"Sasa hivi tu! Kabla chai hata..." Kaluki akanyamaza. Alikuwa ameuona uso wa binti yake. "Ni nini? Mukai, ni nini?"

"Stima bado iko ndani."

"Nimechomoa!"

"Bado iko ndani, Mama. Hapo kwa hilo kopo, karibu na mkono wake."

Wote watatu wakautazama mkono. Ulikuwa ukitetemeka. Ulianza kutetemeka mwaka juzi, bila kuomba ruhusa, ukamnyang'anya mzee jembe, kisha wembe, kisha hata kikombe kilichojaa. Ni skrubu tu zilizombakia. Alisema akiishika bisibisi mkono hutulia, na kweli Mukai alikuwa ameuona ukitulia, ndiyo maana akamwacha aingie kibandani. Mukai aliianza kazi hii kwa sababu ya mto. Huko chini vijana walikuwa wakichoma nyaya ili wapate shaba, moshi mweusi ukipanda hadi kanisani na mbuzi wakilamba majivu. Akasema afadhali kufungua kwa bisibisi kuliko kwa moto. Mamake, kila juma, alimuuliza swali lile lile: "Hii kazi inatulisha, ama sisi ndio tunailisha?" Naye Mukai kila juma alikuwa na jibu refu lililojaa mto, watoto na kesho. Sasa jibu lote lilikuwa limepotea. Alichokiona ni ngozi ya babake ikipanda na kushuka chini ya ile miguu miwili ya chuma, ikikaribia, ikirudi, ikikaribia tena.

Kaluki akatupa mwiko, akanyoosha mikono amshike mumewe mabegani.

"Usimguse!" Mukai akapiga kelele. "Ukimgusa atashtuka. Na ikimpiga itakupiga na wewe."

"Ngai wakwa, Mungu wangu," mamake akasema, na mikono yake ikabaki hewani.

Mzee Bartholomew akajaribu kucheka. "Nikifa hapa, usiwaambie watu wa jumuiya niliuawa na kitu ya kupasha muthokoi. Waambie ni nyati."

Hakuna aliyecheka. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka mzee kwenye paji la uso, na kadiri alivyoogopa ndivyo mkono ulivyozidi kutikisika. Bati likaanza kulia chini ya kiganja, trr, trr, kama nzi aliyenaswa kwenye chupa.

Mukai akaichukua ile bisibisi yenye mpira. Akafikiria kukata sweta, lakini pale iliponaswa palikuwa kando kabisa ya kapasita, na mkasi nao ni chuma. Akafikiria kungoja, labda umeme utajimaliza. Akautazama mkono. Mkono haungengoja. Njia ilikuwa moja tu: kuitoa stima mkono ukiwa humo humo.

"Baba, nisikilize. Nitapitisha hii bisibisi juu ya mkono wako. Itapiga mlio kama risasi, na utaona cheche. Haitakufanya kitu. Lakini ukiruka, utagusa."

"Si afadhali nichomoe haraka? Moja, mbili, nitoke?"

"Utapitisha mkono juu ya ile miguu."

"Haraka sana, mwaitu. Sweta ipasuke tu."

"Baba, hapana."

"Siwezi kuushikilia!" Sauti ya mzee ilivunjika. Mukai hakuwahi kuisikia ikivunjika, hata siku ya mazishi ya nyanyake. "Huoni siwezi? Mkono hainisikii. Wacha nivute. Wacha nivute tu." Bega lake likaanza kurudi nyuma, na kitambaa cha sweta kikanyooka.

Mukai hakujua atasema nini hadi aliposikia mdomo wake ukisema.

"Musembi!"

Mamake akaguna kama aliyechomwa. Mtoto hamwiti babake jina lake. Na jina hilo hata wazee wenzake hawakulitumia. Tangu ubatizo alikuwa Bartholomew kwa kila mtu, isipokuwa kwa mamake mzazi, na huyo alizikwa chini ya mparachichi miaka sita iliyopita.

"Musembi, tulia," Mukai akasema, naye akashangaa jinsi sauti yake ilivyoshuka na kuwa nzito. "Mamako ndiye anakuambia. Usisogee. Tazama huku kwangu. Usitazame mkono."

Mzee akamtazama. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, makubwa, macho ya mtoto aliyeamshwa na ndoto mbaya. Bega likasimama. Mkono haukuacha kutetemeka, lakini ulitulia kidogo kama maji yanavyotulia mtu akiacha kuyakoroga.

"Hivyo hivyo. Pumua."

Akaingiza bisibisi. Ikapita juu ya mshipa wa babake, karibu sana hadi kivuli chake kikaingia katika mikunjo ya ngozi. Ncha ikafika kwenye mguu wa kwanza wa kapasita. Mukai akasikia nyuma yake mamake akianza Salamu Maria na kuisahau katikati. Akainamisha mkono, chuma kikashuka kuelekea mguu wa pili.

Ta!

Cheche ya buluu ikamulika kibanda chote. Harufu ya kuungua ikapanda. Kuku waliokuwa mlangoni wakatawanyika, na Kaluki akaketi chini kwenye vumbi kama gunia lililokatwa kamba. Mukai akagusa tena, mara ya pili na ya tatu. Kimya. Umeme wa kapasita ulikuwa umekwisha.

Kisha akamtazama babake, na woga wote aliokuwa ameuzuia ukamwangukia kwa pamoja. Mzee hakuwa akisogea. Macho yalikuwa wazi, yakimkazia. Hata kifua hakikupanda.

"Baba?"

Akamshika bega.

"Baba! Baba!"

Midomo ya mzee ikafunguka kidogo sana, pembeni tu.

"Sasa nimeruhusiwa kusogea?"

Mukai akalia. Akalia huku akiikata sweta kwa mkasi, akalia huku akiukagua mkono kidole kwa kidole. Mamake alinyanyuka, akauokota mwiko, akaupiga mezani mara tatu kwa nguvu. Ilikuwa wazi kwamba meza ilikuwa ikipigwa kwa niaba ya mtu.

"Mjinga!" akamwambia mumewe. "Na mimi pia. Wote wajinga. Nilisema nimetoa, na kweli nilitoa!"

"Ulitoa, Mama," Mukai akasema. "Kosa ni langu. Ningesema neno lingine."

Walipokunywa chai, iliyopashwa kwa kuni, mzee akasema kwamba kwa kuwa stima sasa imetoka kabisa, si vibaya kuitoa ile transfoma. Ilikuwa imewagharimu vya kutosha. Mukai akaifungua mwenyewe. Nyaya zake zilikuwa nyekundu, zinang'aa, nzuri. Akakwaruza moja kwa kisu ili ajue ubora wake. Rangi nyekundu ikabanduka. Ndani palikuwa peupe.

"Ni nini?" mamake akauliza.

"Si shaba. Ni alumini iliyopakwa rangi."

Kaluki akaichukua, akaigeuzageuza. "Kwa hivyo babako alitaka kufa kwa ajili ya sufuria."

Kulikuwa na maikrowevu nyingine nne kwenye kona. Mukai akazirudishia bati zote, akazifunga kwa kamba.

"Hizi zitauzwa nzima, kwa wale wa Athi River walio na mashine za kuzivunja," akasema. "Tutapata kidogo. Hapa hazifunguliwi tena. Si na wewe, Baba, wala na mimi."

"Na mimi nifanye nini?"

Aliuliza polepole, bila hasira. Mukai alikuwa tayari kwa hasira. Kwa hili hakuwa tayari. Akaenda rafuni, akashusha redio tatu za betri na kuziweka mbele yake.

"Hizi haziweki kitu tumboni."

"Hizo ni kazi ya watoto."

"Ndiyo."

Mzee akaivuta redio moja karibu. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Usiniite vile tena mbele ya mamako."

"Sitakuita, Baba."

"Lakini ulifanya vizuri, mwaitu."

Mukai akatoka nje, akaketi kwenye kivuli cha kibanda na kuanza kuchambua nyaya. Kila waya uliponyooka aliuona ule mshipa. Baada ya kitambo akasikia skrubu ya kwanza ikidondoka koponi. Kisha ya pili. Kisha kukawa kimya, naye akaacha nyaya zote, akainuka mbio kwenda kutazama.

Mzee alikuwa akifuta miwani.

Akarudi, akaketi. Skrubu ikadondoka. Kila sauti ilipokawia, aliinuka tena.