Ufunguo wa Choo cha Walimu

Siku ya tano bila kwenda choo, Mwaniki wa kidato cha tatu aliwachukia wote waliokwenda. Aliwatazama wakirudi kutoka vyoo vya nyuma ya jiko wakipiga mluzi, akawaombea mabaya.

Chanzo cha balaa kilijulikana. Mwanzoni mwa muhula, wiki hiyo hiyo, naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Kiambi, alimnasa mvulana mmoja chooni akiongea kwa simu. Kesho yake seremala aling'oa milango yote kumi na miwili, taratibu, kwa heshima zote za mazishi. Tangu hapo mwenye haja alichuchumaa akitazamana na foleni. Mwaniki aliapa kwamba mtu aliyelelewa vizuri hawezi. Akajizuia, akala githeri ya mahindi na maharagwe, maji hakunywa, akajizuia tena.

Jumapili hiyo baada ya ibada aliomba ruhusa ya kwenda Nyeri mjini kunyoa. Kinyozi hakumwona. Aliingia duka la dawa.

"Unatapika? Tumbo inauma sana? Umeona damu?" aliuliza muuzaji, Bi Ngendo, kwa sauti iliyofika stendi.

"Hapana, auntie. Pole pole, tafadhali."

"Basi, kidonge moja ukienda kulala, na maji mingi. Ngoja mpaka asubuhi. Isipofanya, usiongeze, meza ingine usiku. Wiki ikiisha bado, ama uanze kutapika, enda hospitali. Na wachana na kujizuia!"

"Mwambie Kiambi," Mwaniki alinong'ona.

Usiku alimeza kimoja. Alfajiri ya Jumatatu, kilikuwa bado hakijafanya kitu. Ndungu, wa kitanda cha juu, alikuwa na ushauri.

"Si umeze tatu mara moja, boss?"

"Auntie alisema moja."

"Kwani ni auntie amefunga choo?"

Kidonge cha pili kilikuwa tayari kiganjani. Mwaniki alikitazama kwa hasira, akakirudisha kwenye pakiti, akanywa kikombe cha tatu cha maji.

Gwarideni, Kiambi alipita kati ya safu akikagua vichwa.

"Mwaniki! Nilikupa ruhusa ya kunyoa. Hii ni nini iko kwa kichwa?"

Tumbo lilitangulia kujibu. Ngurumo yake iliwafikia kidato cha kwanza.

"Mwalimu, naomba niende."

"Uende wapi? Simama hapo!"

Hasira ya siku tano ilipanda, huku kitu kingine kikishuka.

"Choo! Siku tano sijaenda kwa vile uling'oa milango! Choo yenu ya walimu iko na mlango na kufuli! Nipe ufunguo, ama uite mtu wa kupiga deki hapa!"

Wavulana mia nne walitazama mfuko wa koti la Kiambi. Mkono uliingia mle, ukakaa, ukatoka na ufunguo.

Mwaniki alitembea. Kukimbia kulikuwa na hatari zake.

Baada ya dakika ishirini alifungua mlango, mwepesi, angali amekasirika. Nje, wavulana thelathini walikuwa wamejipanga foleni, Ndungu mbele. Pembeni, Kiambi alinyoosha mkono kudai mali yake.

Mwaniki akampa Ndungu ufunguo.