Posa ya Fundi Kofia

Mzee Mrisho hakuwa na gari, hakuwa na nyumba ya kupangisha, hakuwa na mke tangu marehemu Siwema atangulie, wala hakuwa na cheo cha kuitwa mtaani. Pale Mchafukoge kila mtu alikuwa na chake. Dalali wa vyumba aliitwa Injinia. Muuza miwani, Daktari. Yeye Mrisho, aliyesoma madarasa ya usiku mpaka akafaulu aliitwa mzee tu. Kwa hiyo kila cheo alikitikisa kwanza, kama mtu anayechagua nazi sokoni.

Ndipo ikaja barua ya posa. Mshenga, Adamu, aliisoma kwa madaha: "Kijana wetu Rajabu, fundi bingwa wa kofia za mkono, anaomba kumuoa binti yenu Badria."

"Bingwa kasema nani?"

"Kariakoo nzima, ndugu yangu."

"Kariakoo hiyo hiyo inayomwita dalali Injinia?"

Nyuma ya pazia Badria akakohoa. Alimtaka Rajabu, na baba yake alijua.

Kesho yake Mrisho akavaa kofia yake iliyofumuka ukingoni, akaenda dukani kwa Rajabu, Mtaa wa Kongo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nishonee hapa, nasubiri."

"Iache tu, kesho utaikuta tayari. Kofia ya mtu mzima haishonwi kwa pupa." Rajabu akacheka, akaipokea kwa mikono miwili.

Mrisho akavitazama vile vidole. Vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga, havina hata kovu la sindano. Akaaga, akajibanza kwa muuza kahawa ng'ambo ya barabara.

Alasiri Rajabu akatia kofia kwenye mfuko wa karatasi, akashika njia ya Magomeni kwa miguu. Mzee nyuma yake, kichwa wazi juani. Kijana akamkabidhi mfuko mama mmoja aliyekaa barazani, kisha akaelekea msikitini. Mama akaitoa kofia ya Mrisho, akaigeuza, akatunga uzi.

"Hodi, bibi. Wewe ndiye fundi?"

"Fundi mwanangu, Rajabu. Mimi Kuruthumu nashona tu."

"Yeye hashoni?"

"Yule? Sindano ikimgusa anaita mama!" Akacheka mpaka uzi ukamponyoka. "Wa kuuza huyo. Angekuuzia hata upepo."

Mrisho alirudi nyumbani amevimba.

"Mwongo!" akamwambia Badria. "Hajui hata kutunga uzi."

"Najua, baba. Aliniambia siku ya kwanza. Wateja ndio wanaomwita fundi."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Hukuniuliza. Ulikwenda kumpeleleza."

Hilo lilimchoma. Hata hivyo shaka haikumtoka: anayeacha jina la mama yake limezwe dukani, la mke atalifanyaje? Akachukua karatasi, akaandika kwa mwandiko wake wa kulala:

"Posa yenu tumeisikia, ila barua tunairudisha. Iandikwe upya. Rajabu aitwe muuza kofia, na Bi Kuruthumu aitwe fundi. Kijana aisome mwenyewe, kwa sauti, dukani kwake, mbele ya wateja. Akiweza hilo, Badria ni wake."

Adamu alipoitwa akasoma, akashika kiuno. "Mrisho, utamkosesha mtoto mume!"

"Kama atamkosa kwa hilo, na amkose."

Badria akaichukua barua, akaisoma mara mbili. Akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akaibana kwa kiganja.

"Mpelekee, mzee Adamu," akasema. "Leo hii."